Bilauri za Makosa

Bilauri haina mbele wala nyuma, Shukurani,
inazunguka tu, nawe zunguka nayo.
Ipime kiuno kwa uzi, usiipime kwa jicho.
Jicho lilishanitia hasara, hapahapa Narung'ombe:
"Tunu na Faraja" ikazunguka kupita kiasi,
"ja" ikapanda juu ya "nu",
bibi harusi akaniuliza, huyu Tuja ndiye nani?

Hii mdomo mpana, kitako chembamba.
Inyanyue kitako kwa kipande cha mbao
mpaka ubavu wa juu ulale kama maji ndani ya sinia.
Ukiiacha na mteremko wake
mstari wa juu utasomeka, wa chini utakuwa ukungu.
Ivishe mipira miwili, ile ya kufungia noti,
isiteleze kwenye magurudumu.

Sasa karatasi moja ya gazeti la jana.
Iloweshe, ilaze juu ya kioo, sukuma viputo kwa kidole gumba.
Mwali hauandiki kioo, mwanangu, unaking'ata,
unakimega punje ndogo kuliko chumvi,
na joto likikosa maji linamega vibaya.
Moto mdogo.
Halafu acha. Usiisimamie kama anayechemsha maziwa.

Themanini na tisa. Tisini.
Harufu ya gazeti bichi linaloungua,
chini wauza vitenge wanabishana bei.
Mara feni ikalegea, ikasimama.
Luku imeisha?
Akachungulia dirishani: mtaa mzima.

Nikabandua karatasi. Kwenye habari za michezo
limebaki tundu lenye umbo la jina,
na kwenye kioo "Sikitu na Ger",
kama mtu aliyekatizwa katikati ya kiapo.

Kioo hakina kifutio.
Kwangu Tabata kabati zima ni harusi za watu;
mgeni akiingia, kitindamimba wangu anauliza,
Mama, huyu nimpe Tuja au nimpe Hongera Mhandi?
Maji yanakaa kote sawasawa.

Shukurani aliisuuza ile ya tisini na moja,
akapitisha kidole kwenye herufi, taratibu,
unga mweupe ukamganda kuchani.
Naomba hii, akasema.
Kwetu hatuna hata moja yenye maandishi.

Nikamtafutia gazeti kavu la kuifungia.
Kesho, nikamwambia, tunaanzia tisini na moja.