Mgeni wa Siku Saba

Veijo hakuniambia. Niliambiwa na theluji.
Nyuma ya kibanda cha kuni, Jumatano saa mbili, giza bado,
haja yake ndogo ilikuwa imechimba kishimo,
na nilipomulika tochi, rangi haikuwa njano.
Ilikuwa kahawa, ile ya mwisho wa birika, yenye machicha.

Tangu Jumapili alilalamikia mapaja.
“Kuni za mwaka huu nzito,” akasema, nami nikamwamini.
Mtu aliyeangusha misonobari miaka thelathini na minane
huujua uchovu wake kwa jina.

Huu haukuwa wake.

Nilimmwagia Sirkku kauntani vyote nilivyovikuta,
vya kotini na vya droo:
kile cheupe cha mafuta ya damu, anachomeza usiku
tangu moyo wa kaka yake ulipozima njiani, skii zingali miguuni;
na kile kirefu cha kifua, alichopewa Alhamisi
na daktari wa zamu aliyeuliza kuhusu mzio,
asiulize kuhusu droo.
Na Veijo hajibu asichoulizwa. Hata kanisani, siku ya ndoa,
kasisi alilazimika kurudia.

Sirkku aliweka kidonge huku, kidonge kule,
katikati kifutio cha penseli.
“Hili ini. Karani mmoja, dirisha moja.
Cha usiku huja, hugongewa muhuri, huenda zake.
Sasa huyu wa kifua amemshika karani mikono.
Cha usiku kinaingia, hakitoki. Leo. Kesho. Keshokutwa.”
Akanyamaza. Akakitazama kifutio.
“Kikizidi, hutafuna nyama ya mtu,
na figo ndizo zinazoachiwa kuzoa mabaki.”
Alikuwa ameshapiga simu hospitali
kabla sijavaa glavu ya pili.

Basi ndivyo ilivyokuwa: mgeni wa siku saba,
na siku ya tatu hakungoja kupewa jembe.
Alishusha shoka letu ukutani,
akaanza na mapaja.

Dripu siku tano. Amerudi, mwembamba, mkali,
anauliza kama siagi nayo ina ugomvi na mtu.
Orodha ya dawa iko mlangoni mwa friji, nakala iko kotini,
nyingine nimeishonea ndani ya kofia yake, hajui.

Na kila asubuhi nazunguka kibanda na tochi,
naisoma theluji kama gazeti.
Leo njano. Jana njano.
Mwezi wa Mei sijui nitasoma nini.