Mizani Nyeti

Dukani kwa babu yangu Shebwana, Langoni,
mizani ilikaa ndani ya kasha la kioo.
Kabla ya kupima dhahabu alifunga dirisha,
akazima feni,
akaniambia, "Shika pumzi, mjukuu wangu.
Mizani hii nyeti."

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno hilo likisifu kitu.

Kwetu lilikuwa la kukaripia.
"Mnyeti mno mwana huyu!" mama alisema
nilipokataa wali ulioguswa na mchuzi wa papa,
nilipolia kwa kuwa lebo ya gauni la Idi
ilinikwaruza shingo,
nilipoziba masikio punda wa jirani akichapwa.
Mnyeti: mwenye makuu, asiyeridhika,
atakayempata taabu mumewe.

Shuleni mwalimu wa sayansi alitamka *sehemu nyeti*,
darasa likaangua kicheko,
naye akageukia ubao akaandika tarehe upya.
Redioni ardhi ilikuwa *suala nyeti*,
na baba akapunguza sauti
kana kwamba redio ndiyo ingeshtakiwa.
Na tabibu wa meno, Mkomani, akidondosha maji baridi:
"Hili ndilo nyeti?"
Sikujibu. Nyusi zilijibu.

Siku moja akaja Bi Somoe wa Athmani Kale
na bangili yake ya arusi ndani ya leso.
Alisema imembana tu.
Alisema mara mbili.
Babu akafunga dirisha, akazima feni.
Tulishika pumzi, sote watatu,
ila yake ilimponyoka,
na sahani ikatikisika.
Babu akangoja itulie.
Kisha nikaiona kucha ya kidole chake cha mwisho
imelala ukingoni mwa sahani yenye bangili,
nyepesi, kama iliyosahauliwa.
Akaongeza kijiwe upande wa pili. Akaongeza kingine.
"Nzito hii," alisema. "Dhahabu ya zamani."
Bi Somoe alihesabu noti, akatazama sakafu,
akahesabu tena.

Mizani ilihisi pumzi.
Haikujua ipi ilikuwa ya kilio.

Sikumwambia mtu. Babu hakunikataza.

Leo kasha la kioo liko kwangu, juu ya kabati,
halipimi kitu, lina vumbi.
Binti yangu amesimama mlangoni na gauni jipya,
shingo imemwiva, machozi yanamlenga,
anangoja nimwite lile jina.

Nageuka, natafuta mkasi.