Nyumba ya Dondora

Mvua ya Zanderij haina adabu:
hupiga, huondoka, huiacha lami ikifuka mvuke
na msitu umesogea hatua moja
kuutazama uwanja.

Mimi ni fundi. Wagiman, mwana wa Wagiman,
miaka kumi na tisa namulika tochi chini ya matumbo ya ndege.
Nasema haya kabla hamjaniuliza:
kifuniko chekundu kilikuwa kwenye gari langu,
chini ya chupa ya chai.
Ndege ililala siku mbili ikingoja tairi.
Nilikiona. Nikasema, baadaye.

Shavuni mwa ndege kuna mrija,
mwembamba, kidole cha mtoto hakipiti.
Huo ndio unywao upepo, ukawaambia marubani
kwa kasi gani tunaikimbia ardhi.

Na siku mbili zamtosha dondora.
Ana yai tumboni, ana tope kinywani,
ratiba ya Amsterdam hajaisoma.
Akauona mlango, akaupima kwa kile kiuno chake cha uzi,
akaingiza buibui aliyemlevya kwa sumu,
akataga, akasiliba,
akaenda zake.

Saa nne usiku. Abiria mia mbili na kumi na mmoja.
Safu ya ishirini na tatu, dirishani, Bi Soekinah:
chupa sita za achari ziko sandukuni, kila moja imevaa soksi,
zawadi ya kitukuu ambaye bado hana meno.

Kapteni Indra Jagroep akasukuma vishikio vya injini.
Miti ikaanza kukimbia kinyumenyume.
"Themanini," akaita Pinas, rubani wa pili.
Kimya. Kimya kisichostahili mahali pale.
Kipimo cha kulia: themanini, tisini.
Kipimo cha kushoto: thelathini, kisha sifuri,
kama mtu aliyeketi.

Nani mkweli kati ya wawili hawa?
Hapakuwa na nafasi ya baraza.
"Nasimama!"
vishikio nyuma,
breki zikang'ata,
injini zikageuza pumzi zikangurumia mbele,
mikanda ikawakumbusha watu mbavu zao,
mia, sabini, arobaini,
kisha
mwendo wa mtu anayetafuta viatu gizani.

Harufu ya breki.
Mtoto akauliza, "Tumefika Uholanzi?"
Mtu mmoja akacheka hadi akalia.
Bi Soekinah hakuuliza lolote ila habari za chupa zake.

Nikaja na ngazi na waya.
Tope likatoka kavu, kipande, kipande,
na ndani yake buibui, bado anakunja mguu,
na mgongoni mwake yai,
jeupe, chenga ya mchele.
Kapteni akashuka, kofia kwapani,
akakinga kiganja.
"Kifuniko?"
Nikamwonyesha gari kwa kidevu.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Andika ilivyo," akasema,
mkono ukimtetemeka sasa, si wakati ule.

Fomu ina kisanduku kidogo mbele ya neno Chanzo.
Nilianza na dondora. Nikamkata.
Nikaandika Wagiman.

Alfajiri, usingizi wa jana ungali machoni,
kifuniko kimefungwa mafundo mawili, nimeyavuta tena na tena,
nikamwona akirudi, tope jipya kinywani,
akakizunguka kile kitambaa chekundu,
akatua, akaruka, akatua,
akitafuta mlango.