Kaa

Kazi yangu ni faili.
Nazipanga kwa nambari, chumba cha saba, Makadara,
feni ikizunguka kama mtu asiye na haraka,
kunguru dirishani wakigombea kipande cha hamri.
Lakini Jumatano huniita: Umazi, njoo utafsiri,
kwa kuwa mimi ni wa Bamba, na daktari ni wa mbali.

Jumatano hiyo ilikuwa zamu ya Hawe binti Abajila,
Mwaata wa ng'ambo ya Galana.
Aliingia mjini alfajiri juu ya lori la makaa,
nyayo nyeusi, leso nyeusi,
titi la kushoto limefungwa kwa kitambaa cha unga.

"Mwambie ni saratani."
Nikafungua mdomo. Neno halikuwamo.
Bi Rukia wa maabara aliwahi kuniambia
kwa Kiarabu saratani ni kaa,
yule wa matopeni, mwenda upande,
akishika haachi.
Nikasema: mama, ni kaa.
Akauliza, ana kwato?
Bahari ameiona leo tu, darajani Nyali,
akauliza imepandwa nini.

Basi nikasema ni kaa la moto
lililoangukia kifuani, likasahauliwa chini ya jivu.
Hapo akaitikia kwa kichwa.
"Moto naujua.
Ulipoanza, mtama ulikuwa haujatoa shuke.
Sasa tumevuna mara mbili."

Nikaenda kuchomoa faili.
La buluu, pembe zimeliwa na mende.
Ukurasa wa pili, wino mwekundu: MGONJWA AMEPOTEA.

Kapotea nani?
Watu wake hufuata unyayo wa juzi juu ya mwamba.
Zahanati ya kwanza walimpa vidonge vya maumivu, wakamwambia kaa.
Ya pili mashine ilikuwa imekufa: kaa, fundi yuko njiani.
Ya tatu alifika Ijumaa saa kumi,
kaa mpaka Jumatatu,
akalala barazani na mbuzi wa watu.
Kaa, mama. Kaa hapo. Kaa kwanza.
Na kaa akatambaa,
na kaa likakolea.

"Mwambie dawa yenyewe ni sumu. Itapita mshipani."
Nilitaka kulifunika neno hilo. Nikalitoa hivyo hivyo.
Hawe akaketi wima kwa mara ya kwanza.
"Baba yangu alipika sumu ya mishale.
Ikizidi, humla mpishi.
Ikipungua, ndovu huondoka na mshale wako
akafie kwa jirani.
Muulize kijana huyu: yeye anapimaje?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akavuta kiti.
Akamweleza uzito, figo, chembe za damu,
na jinsi ya kupumzisha mwili kati ya dozi na dozi.
Walizungumza kama wapishi wawili wa chungu kimoja,
mimi katikati nikihema.

Kisha: kila wiki tatu, hapa Mombasa.
Akakunja vidole.
Pikipiki, lori, pa kulala, kurudi:
mbuzi mmoja kwa safari.
"Ninao wanne. Safari ngapi?"
Sita.

Hesabu hiyo haikuhitaji mtafsiri.

Dozi ya kwanza alipewa siku ileile.
Jioni daktari akaandika barua, mimi nikaipiga chapa:
dozi zinazofuata apewe Bamba,
dawa ipelekwe ndani ya kasha la barafu,
nesi Kadzo afundishwe, alipwe,
na pawe na mtu wa kwao wa kutafsiri,
si karani wa faili.

Nami nikakata ule wino mwekundu.
Juu yake nikaandika kwa mkono wangu:
Hakupotea. Alikaa, kama alivyoambiwa.

Wiki mbili sasa. Barua iko mezani kwa mkubwa.
Leo nimepanda tena ghorofani kuiulizia.
Karani wake hakuinua macho kwenye simu,
akanionyesha benchi.
"Kaa."

Nimesimama.