Kupaliwa

Alisema amepaliwa. Chai, akasema, chai ya moto,
ilipita njia siyo. Na mimi, mkalimani
ninayelipwa kwa saa, nikalibeba neno
kama lilivyo, nikamkabidhi nesi.

Ilikuwa Februari, mjini Erie. Theluji ya ziwa
ilikuwa imekula nusu ya dirisha.

Nesi Kaczmarek hakuandika kitu.
Chai iliyompalia juzi, aliuliza,
mbona hadi leo sauti yake inakwaruza
kama kiti kinachoburutwa sakafuni?

Shingo ilikuwa safi. Naapa. Nilitazama,
nikaona ngozi nyeusi na cheni ya shaba,
nikajisemea: basi, ni chai.
Lakini yeye aliwasha kurunzi ndogo,
akaivuta kope ya chini polepole,
kama afunguaye barua isiyo yake,
na mle, kwenye weupe wa jicho, vidoto vyekundu,
vidogo kuliko mbegu za mchicha.
Nyuma ya sikio, vingine.
Juu kwenye kaakaa, vingine.

Akanigeukia. "Muulize
kama kuna mtu aliyemminya shingo.
Kwa mkono, kiwiko, goti, kitambaa, chochote.
Usimuulize kama amepigwa. Atasema hapana."

Hapo nikakwama.
Maneno ninayo: kukaba, kunyonga, kabali, roba.
Ila kwetu Ujiji roba hupigwa na kibaka,
uchochoroni, akiitaka simu yako.
Kunyonga ni kazi ya serikali na kamba yake.
Lipi kati ya hayo ni la mwanamume
aliyekuchemshia maji ya kuoga asubuhi?

Nikachukua lililo fupi.
"Dada Anjelani, kuna aliyekukaba?"

Alinitazama mdomoni, si machoni,
kana kwamba neno limenidondoka
na anangoja niliokote.
Kisha, kwa ile sauti ya kiti:
"Mara mbili. Ya pili sijui iliishaje.
Niliamka niko chini, kitenge kimelowa.
Nikaona aibu ya kitenge kuliko ya shingo."

Nikatafsiri yote. Na kitenge pia.

"Mwambie hiyo si aibu," nesi alisema.
"Ubongo ulikosa damu, mwili ukaachia.
Sekunde chache tu zinatosha."
Akaagiza picha ya mishipa ya shingo,
kwa kuwa mshipa huweza kuchanika kwa ndani
bila ngozi kupata habari,
damu ikaganda humo, na kiharusi kikaja
siku kadhaa baadaye, mtu akikata vitunguu,
na majirani wakasema ni presha.

Asilale peke yake.
Akishindwa kumeza, pumzi ikiwa fupi,
shingo ikivimba, mkono ukiwa mzito,
uso ukienda upande, kichwa kikigonga kuliko kawaida,
apige tisa, moja, moja. Asingoje kukuche.

Halafu akavuta kiti karibu.
Mkono uliokwisha kuijua shingo, alisema,
ni vigumu kurudi mfukoni.
Aliyekukaba akaachia hajakusamehe.
Amepima.
Kuna nyumba yenye vitanda, na watoto huruhusiwa.
Nikaitafsiri nyumba hiyo bila anwani,
maana anwani haikuandikwa popote.

Anjelani aliuliza jambo moja tu:
kama humo mna jiko.

Kituoni nilingoja basi kwa dakika arobaini,
nikimfikiria shangazi yangu Mgeni,
ambaye msimu mmoja sauti ilimkauka,
tukasema mafua. Aliyekunywa maji kwa kijiko,
tukasema madeko. Mwezi haukuisha.
Tulisema ni presha.

Siku zile nikiambiwa mtu amepaliwa
niliuliza: na nini?
Herufi moja tu ilipungua kwenye swali langu.
Basi likaja, limejaa chumvi ya barabarani hadi vioo,
na dereva akasubiri
nilipokuwa natafuta nauli kwa vidole visivyosikia kitu.