Mpiga Kengele

Saa nne usiku ulingo umeshavunjwa.
Magodoro yamerudi gesti yalikoazimwa,
kamba zimerudi mwaloni kwa wenye mitumbwi,
na ubishi ndiyo kwanza unachemka
kwenye benchi la Nyanjige, mkaanga mapanki, Igogo.

Bwire anasema kabali ile ilikuwa mdebwedo.
"Kiwiko kilikaa begani, hakikufika kooni.
Mtoto wa chekechea angechomoka.
Napara samaki mwaka wa kumi na moja huu,
naujua mkono unaoshika
na mkono unaojifanya."

Nyanjige anageuza panki, mafuta yanapiga kelele.
"Wewe unamwangalia anayebwaga.
Mwangalie anayebwagwa!
Mamba kamwinua Radi juu ya kichwa, sawa,
lakini nani aliruka? Nani alikunja goti,
akaulaza mgongo wote kwa mpigo mmoja,
pwaa,
kama gunia la dagaa
linaloshushwa na kibarua aliyekwisha lipwa?
Ufundi uko kule chini.
Juu ni misuli tu."

Masatu fundi cherehani hana habari na viwiko.
"Mimi ugomvi wangu ni hadithi.
Tangu Pasaka Radi anaonewa.
Kamwagiwa uji mbele ya mama yake,
kaibiwa mkanda,
kachaniwa kaptura niliyoishona mimi kwa mikono hii,
tukavumilia, tukasema siku yake yaja.
Leo ndiyo siku yenyewe, halafu anapigwa tena?
Huu ni wali ulioepuliwa na kiini!"

Labda Mzee Gamaha kagombana naye posho.
Labda Radi atageuka mbaya, amrudi hata mama yake.
Labda Mamba ni mpwa wa mtu.
Kila labda inapewa chumvi na pilipili
na kurudishwa kikaangoni.

Mimi nakula kimya.
Mimi ndiye mpiga kengele,
na kengele yangu ni rimu ya Isuzu na kipande cha nondo.
Mwisho niliujua tangu Ijumaa,
nyuma ya choo cha shule, Gamaha akininong'oneza:
"Roba ya pili. Hesabu tatu. Gonga."
Kisha, akifunga zipu:
"Kijana Jumatatu anavuka Kigongo, anakwenda Geita.
Kapata kazi machimboni.
Mkanda hauendi shimoni."

Kijana mmoja wa chuo, mgeni, anacheka:
"Wazee, si mnajua lakini kwamba ni maigizo?"

Hapo hata Bwire akaacha kutafuna.
Nyanjige hakuinua macho.
"Mwanangu, kwenu msibani
nani huanza kulia?"
"Shangazi."
"Kila msiba?"
"Kila msiba."
"Anapangwa?"
Kijana akasita. "Ni kama… anapangwa."
"Haya. Na aliyelala ndani,
naye huwa anaigiza?"

Radi mwenyewe akaja, kofia ya sweta hadi nyusi,
ananukia dawa ya kuchua.
Akaagiza panki la mia tano.
Hakuna aliyempa pole, ingekuwa matusi.
Akala nusu, akamgeukia Bwire:
"Nilianguka vipi?"

Bwire akafuta vidole kwenye suruali, akafikiri,
kwa heshima yote ya mtu aliyeulizwa kazi yake.
"Mgongo safi. Miguu safi.
Kidevu hukukibana.
Siku moja shingo itakudai."

Radi akatikisa kichwa polepole, kwa tabu,
akakibana kidevu kifuani, akakiachia,
akakibana tena.

"Kaptura ilete kesho," Masatu akasema,
"niishone vizuri, mwezi ujao unarudisha mkanda.
Si unarudisha?"

Radi akanitazama mimi.
Nikainamia sahani,
nikachomoa mwiba mmoja, taratibu,
kisha nikautafuta wa pili
ambao haukuwepo.