Kipimo cha Kivuli

Shinuna kapanda darini na futikamba,
saa nne asubuhi, mwezi wa saba, Nizwa,
wakati ambao hata paka wa mtaa
hulitazama jua wakiwa chini ya gari.
"Mama, shika ncha!" Nikaishika.
Ilikuwa moto kama sufuria ya kashata.

Kutoka ukingoni hadi tangi la maji, mita sita.
Kutoka tangi hadi dishi la marehemu baba yake,
dishi lisilonasa tena kitu ila njiwa,
mita tatu na kidogo.
Akaandika kiganjani, karatasi kaisahau.
"Sahani kumi na mbili za jua zitaenea," akasema,
"kumi na nne, ukiihamisha kamba ya nguo."

Na ndimu zangu je?
Hapa ndipo ninapozianika, siku tisa,
mpaka ukizitikisa zinacheza ndani kama njugu.
Na hapa, kabla ya viyoyozi, tulilala sote,
shuka tumezirowesha maji,
watoto wanne wakigombania upande wenye upepo.
Sasa madirisha yamefungwa usiku na mchana,
mashine tano zinanguruma ukutani,
na bili ya mwezi uliopita
nimeizika ndani ya debe la mchele.

Babangu alikuwa mgawaji wa maji ya falaji.
Alichomeka kijiti uwanjani;
kivuli kikigusa jiwe, alipaza sauti:
zamu ya fulani imekwisha!
Udongo ukafunguliwa, maji yakageukia mitende mingine.
Saa hakuwa nayo. Akisema saa huhongeka.

Nikamsimulia Shinuna. Akanyamaza,
kisha akashuka, akarudi na chaki,
akakichora kivuli cha tangi pale kilipolala.
Saa sita akachora tena. Saa tisa tena,
akirukaruka kwa moto wa sakafu,
mpaka dari yetu ikajaa matangi.

"Ajabu yake, Mama, joto likizidi sahani huchoka.
Na vumbi nalo. Utalifuta?"
Mie? Mie niliyefuta vumbi la nyumba hii
miaka thelathini, pasi na baisa moja?

Upande wa magharibi, Mundhir anaongeza ghorofa.
Nondo zimeshasimama.
Shinuna akazitazama kitambo,
akachora mstari mwengine, wa kukisia,
wa kivuli ambacho bado hakijajengwa.
Kumi na mbili zikawa tisa.

Jioni nikajaza sahani halua,
sahani hizi zetu, za udongo,
nikavuka njia.
Maji yalikuwa na mgawaji.
Nikabisha kwa Mundhir. Viyoyozi vinanguruma,
hawanisikii.
Nikabisha tena, kwa ufunguo.